Ngoma Isiyo na Noti

Redio, ambaye habari humfikia kabla hata jambo lenyewe halijatokea, ndiye aliyeileta hii benchini kwa fundi sufuria: mwalimu wa kwaya amebandika tangazo kwamba Jumamosi ngoma haitapanda jukwaani. Eti haina noti, inatoa kelele tu.

Tukamtazama Kidundo, aliyeipigia kwaya hiyo ngoma miaka tisa.

"Mimi kelele?" akauliza taratibu.

"Wewe hapana. Ngoma yako," Redio akamfariji. "Wewe ni msababishaji."

"Kila siku kabla ya kupiga naipasha ngozi moto mpaka sauti ipande. Kama haina noti, naipasha ya nini? Inasikia baridi?"

"Tangazo lina muhuri, ndugu yangu. Muhuri ukishagongwa, hata jogoo hana noti."

"Na muhuri wenyewe ukigongwa unalia tii au dii?" akadakia fundi, mwenye benchi.

Mimi nilikuwa nangoja sufuria yangu, mtoto mgongoni. Nikasema, "Huyu akilia njaa, sauti iko juu. Akilia usingizi, iko chini. Muziki sijasomea, ila sijawahi kukosea."

"Mpeleke kwaya, shemeji," Redio akasema. "Ana noti mbili. Mwalimu mwenyewe ana moja."

Hazikupita dakika tano, mwalimu huyo akatokea, kaja kuchukua sufuria aliyoileta kuzibwa. Fundi akaigonga kwa kidole, akatega sikio, akagonga nzima iliyokuwa pembeni, akarudia ile ya kwanza.

"Bado ina ufa, mwalimu."

"Mbona siuoni?"

"Hauonekani. Sauti imeshuka."

"Imeshuka sana?" mwalimu akauliza, uso umemshuka na yeye.

Redio akajishika mbavu. "Imeshuka kutoka wapi, mwalimu? Si kelele tu?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Hii ni sufuria. Ngoma ni jambo lingine."

Kidundo akainuka, akaipokea sufuria kwa fundi, akaigonga ukingoni, halafu katikati ya kitako. Ikajibu kwa sauti mbili, kila moja na noti yake.

"Sawa, mwalimu. Ngoma naiacha nyumbani. Jumamosi napanda na hii."

Akaikumbatia kabisa, kama kapewa. Mwalimu akamtazama, akaitazama sufuria, akatutazama sisi, hakuna aliyemsaidia.

"Njoo na ngoma," akasema. "Hiyo mke wangu anaingoja."