Sampuli Hailipwi

Mama yake alimpa jina la Innocent, yaani asiye na hatia, akiwa na umri wa siku tatu, kabla hajasema uongo hata mmoja, na tangu hapo yeye akalitumia kama mwamvuli: mvua ya lawama ikianza, analifungua.

Asubuhi aliyoingia dukani kwa Zainabbai, mtaa wa Rahaleo, mjini Mtwara, alikuwa na katoni mbili za vikopo vya mafuta ya mgando, aliyoyachanganya mwenyewe na marashi ya bei chee. Wiki moja nyuma, huko Masasi, mafuta hayo yalikuwa dawa ya vipara. Wenye vipara wa Masasi walipoanza kuulizana nyumba ya mgeni wao, dawa ikapanda basi pamoja na mganga wake. Sasa katoni zilikuwa chini ya benchi la duka, na Innocent juu yake akinywa soda, wote watatu wakisubiri ugonjwa mpya.

Ugonjwa haukuchelewa. Zainabbai, mama wa miaka sitini, mwenye duka la vitambaa na mnunuzi wa korosho tangu enzi za babu yake, alinyoosha mkono kuteremsha jora la kanga. Mtandio ukateleza. Kidevu chake kilikuwa kimejaa vigaga vidogo vidogo vya rangi ya kahawia.

"Mama, usikwangue!" akasema Mwanaidi, msaidizi wake, mwanamke wa Ziwani aliyekuwa akipima kitambaa kwa mita ya mbao. "Ganda la korosho hubanguliwa, lakini ganda la kidonda huachwa lidondoke lenyewe. Mimi nimebangua korosho miaka kumi, utomvu umenichoma hadi viwiko. Nnajua."

Wateja wawili wakatazamana. "Ndiyo ile mashine ya Shaheen," mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi bandarini. "Sindano ya umeme ya kung'oa ndevu za wanawake. Inachoma watu!" Wakaondoka bila kununua hata uzi.

Zainabbai akashusha pumzi. Shaheen, binti wa dada yake, alikuwa amekwenda Dar es Salaam kusomea kazi hiyo mwaka mzima, akarudi na mashine iliyomgharimu urithi wake wote wa dhahabu. Chumba chake kilikuwa hapohapo nyuma ya duka, kimepakwa rangi ya waridi, na hakikuwa na mteja. Wa kwanza kujitolea uso wake alikuwa Zainabbai mwenyewe, kwa mapenzi tu, na vigaga vyake ndivyo vilivyowafukuza wengine.

Innocent akaweka soda chini polepole. Aliwahi kuwa mlinzi wa saluni ya aina hiyo Kariakoo, miezi miwili kabla hawajamgundua. Alikuwa amewaona mabibi wakitoka wamevimba, wamewiva kama nyanya, siku ya tatu wameota vigaga, na baada ya siku kumi hivi nyuso laini, bila dawa yoyote, mradi wasiguse na wasikae juani. Siku ndizo zilizokuwa zikiponya, tena bure, na hakuna aliyewahi kuzibandika lebo.

Kidole chake kikapanda kwenye masharubu.

Hapa inabidi tusimame kwa heshima. Masharubu ya Innocent yalikuwa membamba, meusi, yamechongwa kila asubuhi kwa wembe mpya, na ndiyo yaliyokuwa mtaji wake wa kweli. Hakuwahi kudanganya mtu bila kwanza kuyapapasa, kushoto kwenda kulia. Akiyapapasa, maneno yanatiririka. Wengine wana elimu. Yeye alikuwa na masharubu.

"Mama yangu," akasema, akinyanyuka, "shikamoo."

"Marahaba."

"Nimeona kidevu chako, roho ikaniuma. Naitwa Innocent, mtaalamu wa ngozi zilizochubuliwa na umeme. Wewe unachoma, mimi naponya. Hii ni biashara moja yenye miguu miwili! Binti yako akimaliza kung'oa nywele, anamuuzia mteja kikopo changu. Mteja anapona, unamuuzia cha pili asiugue tena."

Zainabbai akafungua kikopo, akanusa, akakunja pua. "Nitajuaje kama kinaponya?"

"Mama, kunitazama hujanitazama?" Kidole kikapita kushoto kwenda kulia. "Mimi nilikuwa na ndevu kutoka hapa kidevuni mpaka machoni, watoto wakinikimbia. Nikapigwa sindano ya umeme uso mzima. Nikachubuka, nikavimba, mama yangu mzazi alinipita barabarani. Nikapaka hii wiki moja. Shika shavu! Utafute sampuli ya nini? Mimi mwenyewe ndiye sampuli!"

Mita ya mbao ikatulia mkononi mwa Mwanaidi.

"Umesemaje, baba?" akauliza Zainabbai kwa upole mwingi.

"Mimi ndiye sampuli."

"Mwanaidi, umemsikia?"

"Nimensikia, mama. Kasema mara mbili."

"Baba, sisi hapa ni watu wa korosho. Sampuli ina sheria zake."

"Sheria zote nakubali!" akasema Innocent, ambaye korosho alizijua zikiwa zimekaangwa tu, ndani ya karatasi.

Zainabbai akaita, na Shaheen akatoka chumbani, msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa na macho yaliyokuwa yamelia jana. Mama yake mdogo akamweleza kwa ufupi. Mtwara hakuna anayenunua korosho kwa kutazama ganda. Unachota sampuli, unaipasua kwa kisu mbele ya mashahidi, unatazama ndani. Sasa bwana huyu amejitoa mwenyewe.

"Nitakupasua wapi?" Shaheen akamzunguka Innocent akimkagua. "Kidevuni hamna kitu. Mashavuni hamna, umesema umeshapigwa umeme. Zilizobaki ni hizi za juu ya mdomo."

Mate yalimpalia. "Hizi? Hizi ni... hizi ni za urithi!"

"Si unayo dawa?" akauliza Mwanaidi.

"Nusu moja tutapaka dawa yako," Shaheen akaendelea, akianza kuchangamka, "nusu nyingine maji safi tu. Ndipo tutajua."

"Ukipona vizuri upande wa dawa kuliko wa maji," Zainabbai akasema, "nachukua katoni zako zote kwa bei yako, na nyingine ishirini."

Katoni ishirini! Tamaa ilimpanda Innocent kutoka unyayoni, na ilipofika kichwani ikakuta akili imetoka. Nywele si huota? Na upande wa maji si anaweza kuuharibu kidogo kwa kucha wakati hakuna anayemtazama? Akapapasa masharubu yake, na hakujua kwamba alikuwa anayaaga.

"Inauma?" akauliza akiwa amelala kwenye kiti cha waridi.

"Kidogo," akasema Shaheen. Na neno "kidogo," ndugu msomaji, siku zote ni la mwenye kushika sindano.

Mashine ilikwenda unywele kwa unywele: sindano nyembamba inaingia kwenye shina, umeme kidogo unapita, kibanio kinauchomoa. Innocent alisali sala alizozisahau tangu kipaimara. Mchana wa kwanza ukaenda upande wa kushoto, mchana wa pili ukaenda wa kulia. Alipopewa kioo alimwona mtu mwenye mdomo wa bata na uso wa mwanafunzi wa darasa la tano, naye akalia machozi ya kweli, ya kwanza yasiyo na faida yoyote tangu azaliwe.

Siku ya tatu vigaga vikaota, na ndipo akaijua sheria nyingine: sampuli huwekwa mahali wanunuzi wanapoiona. Wakamkalisha kwenye kiti barazani, kivulini, maana jua lingeacha madoa. Kila asubuhi Shaheen alimwosha upande wa kulia kwa maji safi na kumpaka dawa yake upande wa kushoto. Kando yake akaketi Mwanaidi na mita ya mbao.

Wanawake wa Rahaleo wakaja kutazama. Wakaja wa Mikindani. Wakaja hata wa Madimba, wakijifanya wanatafuta vitambaa.

"Kaka, hivyo vinauma?" akauliza wa kwanza.

Swali zuri! Innocent akatabasamu kwa shida, jibu tamu likamjia, na mkono ukapanda kwenda mdomoni kulipokea.

Paaa! Mita ikatua juu ya vidole.

"Usiguse!" akasema Mwanaidi.

"Nataka kujibu tu!"

"Jibu kwa ndomo. Nkono wa nini?"

Akafungua mdomo. Akasubiri. Likatoka hili: "Haviumi, dada. Vinawasha tu. Havidumu, ukiviacha."

Innocent akageuka kutazama nani amesema.

"Na dawa yenyewe je, inasaidia?" akauliza mwingine.

Mkono ukapanda. Paaa! "Huku nimepaka," ikasema sauti yake, "na huku sijapaka. Sioni tofauti."

Jasho lilimtoka. Alijaribu kusimamisha mkono angani, karibu na mdomo bila kugusa, haikufaa kitu. Alijaribu kupapasa nyusi, maneno hayakuja. Siku nane alikaa pale akisema ukweli mbele za watu, na kadiri alivyousema ndivyo walivyozidi kuja, kwa sababu alikuwa na sauti ya asali na hakuwahi kuitumia kwa mzigo halali. "Usikwangue, bibi. Jua kali likwepe. Osha, acha. Shaheen ana mkono mwepesi, mimi nimelia lakini mimi ni mwoga." Wanawake wakacheka, wakaingia ndani. Chumba cha waridi kikapata foleni, na Shaheen akaanza kuimba akiwa kazini.

Siku ya kumi na moja vigaga vilikuwa vimedondoka vyote. Baraza likajaa. Shaheen akamwinua kidevu mbele ya mashahidi. Upande wa kulia, wa maji, ngozi laini, wekundu kwa mbali. Upande wa kushoto, wa dawa, ngozi laini pia, na juu yake vipele saba vya marashi.

"Kwa hiyo dawa ni siku," akasema Zainabbai, naye akaondoa mtandio kidevuni mbele ya watu wote. Kidevu chake kilikuwa safi kama cha bi harusi. Vigelegele vikapigwa.

Walipobaki wanne, Innocent akakohoa. "Basi, mama, dawa imeshindwa, nimekubali. Lakini nimekaa barazani siku zote hizo, nimewaletea wateja. Haki yangu?"

"Haki gani, baba?"

"Malipo!"

"Uliwahi kuona wapi korosho iliyopasuliwa ikadai?" Zainabbai alishangaa kwa dhati. "Sampuli ni ya mnunuzi. Hairudi guniani, na hailipwi. Si ulisema sheria zote unakubali?"

"Kasema," Mwanaidi akathibitisha.

"Katoni zangu, basi!"

"Tulichukua sampuli." Mwanaidi akaonyesha uvunguni. "Kila kikopo. Ntu utajuaje kilicho ndani bila kufungua? Wanawake wameyapenda, wanapaka nyayo zilizopasuka. Tumewaambia ukweli kwamba ni mafuta ya mgando. Kimebaki kimoja."

Zainabbai alimlipia nauli ya basi mpaka Dar, akampa na mfuko wa korosho zilizovunjika. Mlangoni Innocent akamgeukia Shaheen kwa sauti ndogo. "Zitaota tena?"

"Nyingi hazitaota," Shaheen akasema, akamhurumia kweli. "Chache zilizokuwa zimelala zitachungulia. Ukiziona uje nizimalize. Bure. Umeniokoa, kaka, na sitakusahau."

Hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo akijua jina lake la kweli. Aliondoka haraka.

Stendi, kwenye foleni ya tiketi, akina dada wawili walikuwa mbele yake. Mmoja, aliyeuficha mdomo kwa ncha ya kanga, akageuka, akamtazama, akatazama tena.

"Samahani, kaka. Uso wako laini namna hiyo, unapaka nini?"

Kikopo cha mwisho kilikuwa mfukoni. Basi lingeondoka baada ya robo saa, na mwanamke yule asingemwona tena maisha yake yote. Mtego wa namna hiyo haujitegi mara mbili. Innocent akainua kidole taratibu, akakipeleka juu ya mdomo, kushoto kwenda kulia. Kikapita kwenye ngozi tupu, laini, isiyo na neno lolote.

"Sipaki kitu, dada," akasema, huku moyo ukimuuma. "Nenda Rahaleo, duka la Zainabbai, umuulize Shaheen. Utachubuka kidogo, usiguse. Mwambie umetumwa na sampuli."

Kisha akapanda basi, akatafuta kiti cha dirishani, na akaikalia mikono yake yote miwili mpaka Lindi.