Nyama Yangu Inaoza Ndani ya Mchezo Wenu

Garissa,
Jumapili.

Kwa Wakuu wa Kampuni Iliyotengeneza Mchezo wa Kuishi Nyikani,

Waheshimiwa,

Natumai barua hii itawakuta mkiwa wazima, na kwamba akiba zenu za chakula ni salama kuliko zangu. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu malalamiko yangu ya Kiingereza yalijibiwa na mashine iliyonishauri nizime simu na kuiwasha tena. Nilifanya hivyo. Nyama iliendelea kuoza.

Naitwa Noordin Dekow, afisa wa lishe. Kazi yangu ni kuzunguka kuanzia Balambala hadi Hulugho nikiwafundisha watu namna ya kuhifadhi chakula kisiharibike. Nina cheti cha kazi hiyo. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma yafuatayo, kwa sababu mimi hulikumbuka kila ninapofungua sanduku langu mchezoni na kukuta funza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nikimwinda kulungu, nyama yake huoza baada ya siku mbili za mchezo, ambazo ni kama dakika arobaini za huku kwetu. Nimeianika kwenye kichanja. Nimeifukiza moshi. Nimechimba shimo na kulijaza barafu niliyoibeba kutoka mlimani huku dubu akinifuata. Barafu iliyeyuka njiani. Dubu hakuchoka.

2. Chumvi inapatikana pwani peke yake, mwendo wa siku tatu.

3. Hakuna samli. Mna ng'ombe mwitu lakini hawakamuliki. Ngamia hamna kabisa, jambo ambalo sitaki kulizungumzia nikiwa na hasira.

Kwa ajili ya kuwasaidia, nilimpigia simu mama yangu mdogo, Habaryar Ramlo wa Balambala, nimuulize anavyopika nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokaushwa, ikakatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuzamishwa kwenye mafuta, ikakaa miezi bila kuharibika. Nilitaka kuwaandikia hatua zake ili mziweke mchezoni. Yeye hakujua kama kuna mchezo. Alisema, "Habaryar," maana kwetu mama mdogo na mtoto wa dada yake huitana hivyohivyo, "miaka yote hii nakungoja uniulize."

Kesho yake alishuka kwenye basi na sufuria, mafuta ya nundu, na kilo sita za nyama ya ngamia alizokuwa ameshazikausha. Zilikuwa za binti yake Idman, anayeondoka Jumanne kwenda kuanza chuo Eldoret. Habaryar alisema tutazipika pamoja, ili nijifunze na Idman apate cha kubeba. Sikupata ujasiri wa kumwambia kwamba njaa niliyokuwa nikiihangaikia ilikuwa kwenye simu.

4. Kipengele hiki ni kizito. Jana alinifundisha mpaka alasiri. Mafuta yalikuwa yakichemka taratibu, akanikabidhi mwiko ili akaswali. "Usiache kukoroga," aliniambia. "Hata mtu akibisha mlango."

Hakubisha mtu. Ilikuwa ile kengele yenu, inayoonya kwamba kuna chakula kinaharibika sandukuni. Nikaenda sebuleni kuokoa vipande vinne vya kulungu. Niliokoa viwili. Niliporudi jikoni, kilo sita za ngamia zilikuwa makaa.

Habaryar alimaliza kuswali, akaja, akaitazama sufuria. Nikamwambia gesi ya mjini huwaka kwa nguvu. "Basi gesi yenu ni mbaya," alisema, akakunja mikono ya nguo na kuanza kuisugua sufuria mwenyewe. Mimi nimesimama mbele ya mikutano mingi nikizungumza juu ya hasara ya chakula, lakini sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona nikiwa nimemshikia taulo. Ndipo nikaamua kuwaandikia, maana lazima pawe na mwenye makosa, na nyinyi mko mbali.

5. Kwa hiyo naomba: (a) nyama ikae angalau mwezi mmoja, (b) kengele inyamaze saa za swala, (c) ngamia, (d) mmwandikie Habaryar Ramlo barua ya kumwomba radhi, mkimweleza kwamba nyama ya Idman iliungua kwa sababu ya udhaifu wa masanduku yenu. Jina langu msilitaje.

Nisalimieni wafanyakazi wote, hasa yule anayechora nyasi, kwa kuwa malisho yenu ni mazuri. Hata ile mashine iliyonijibu, nisalimieni.

Ni mimi mteja wenu mwaminifu, mwenye njaa huku na huko,
Noordin Dekow

Nyongeza: Habaryar aliniona nikiandika, akadhani ni mambo ya kazi, akataka nimsomee. Nilikuwa katikati ya kipengele cha nne nilipokumbuka kilichomo. Nikaendelea kusoma, kwa kuwa ningenyamaza angejua tu. Aliomba awaone hao kulungu.

Aliitazama simu kwa muda, akauliza ni nani wengine wanaoishi huko. Nikamwambia ni mimi peke yangu.

"Umechinja wangapi?"

Tisa, tangu Ijumaa.

"Na wale wanaotembea pale nyuma, wao huoza?"

Nikasema hapana.

"Basi ukiwa na njaa chinja mmoja. Wengine waache watembee."

Nimejaribu. Zimepita siku kumi za mchezo na hakuna kilichooza. Tafadhali futeni kipengele cha kwanza mpaka cha tatu. Ile barua ya radhi pia msiiandike. Amesema radhi anaitaka kwa mdomo, kutoka kwangu, nikishatoka sokoni kununua nyama nyingine. Ombi la ngamia libaki. Sasa ni ombi lake, na ameniuliza ofisi yenu iko umbali gani kutoka Balambala.