Saa Kumi za Video

Jumatano, 14 Mei 2025
Ushirika wetu wa mwani hapa Micheweni unatafuta katibu. Sharti: cheti cha kozi ya mtandaoni ya kutatua matatizo kwa vikundi. Tumo wiki ya mwisho ya kozi. Cheo kinanistahiki, miaka ishirini na miwili nawaandikia watu maombi. Kikundini tu watatu: mimi, Mwalimu Ebenezer wa kutoka Bukoba, na Bi Yumna, mkulima wa mwani, anayekitaka cheo hicho hicho bila haya. Tatizo tulilopewa: mwani huloa mvua kabla haujakauka.

Alhamisi, 15 Mei
Ugunduzi. Kozi ina jedwali linaloonesha kila mmoja ametumia nyenzo saa ngapi, na wakati gani. Bi Yumna: dakika arobaini tu. Aliitazama video ya chanja za kuanikia mara moja, akaenda kukata miti. Mimi nimekamilisha kurasa tatu za utangulizi wa suluhisho. Suluhisho lenyewe litafuata.

Ijumaa, 16 Mei
Tangu alfajiri nimeiegemeza simu kwenye kopo la sukari, video ikijirudia yenyewe, nami nikaendelea na shughuli zangu. Alasiri jedwali likanihesabia saa kumi kamili za kutazama. Wa kwanza kikundini.

Jumamosi, 17 Mei
Mwalimu Ebenezer ameandika kikundini: hongera Mzee Kificho, hata jana saa saba mchana hukupumzika. Nilimshukuru kwa sentensi tatu zilizonyooka. Baada ya sentensi ya tatu ndipo Bi Yumna akauliza, kwa adabu inayochoma: "Sheikh wangu, khutba uliisikilizia wapi?"
Kabla ya adhuhuri habari imemfikia Mzee Jecha, mwenyekiti wa ushirika, ambaye hajakosa Ijumaa tangu apate akili. Nikisema nilitazama, sikusali. Nikisema nilisali, sikutazama. Na nilisali nje barazani, safu ya mwisho. Hakuna aliyeniona.

Jumapili, 18 Mei
Nimemkabidhi Mzee Jecha barua ya kurasa mbili. Nimechagua sala. Hakuisoma. Aliuliza tu, basi video aliitazama nani. Nikajibu kwamba, kwa usahihi wa maelezo, ilitazamwa na kopo la sukari. Alicheka hadi akashika ukuta. Sikuona kichekesho.

Jumatatu, 19 Mei
Mkufunzi wa kozi amezifuta saa zangu kumi. Mwani wa Bi Yumna umekauka juu ya chanja yenye paa la turubai, mvua ikinyesha. Yeye na Mwalimu wamepata vyeti. Mimi nirudie kozi. Katibu ni Bi Yumna. Utangulizi wangu haukutajwa.

Jumatano, 21 Mei
Nimejiandikisha upya. Kosa nimelielewa: lilikuwa ratiba. Safari hii video itajirudia Jumatatu, saa tatu hadi saa tano asubuhi, muda usiogongana na sala yoyote. Mlezi wa kikundi kipya ni Bi Yumna, hilo halinitishi.
Pia nimewasilisha rufaa kuhusu ukatibu. Bi Yumna atanisikiliza ofisini kwake, ana kwa ana, Jumatatu, saa tatu hadi saa tano. Nimekubali kwa maandishi.