Miche Arobaini ya Kathini

Jumatatu, 2 Juni 2025
Shanice amepiga simu kutoka Voi. Atafika Rukanga Jumamosi kupandikiza miche ya nyanya. Miche arobaini. Mbegu zilikuwa za mama yake, Kathini, tuliyemzika Februari. Hakuna nyingine. Binti yangu amesema nimwagilie asubuhi, basi. Kana kwamba mimi ni mtoto.
Jirani yangu, Mwalimu Mbinya, amechungulia juu ya ua na kusema miche imekonda kidogo. Alifundisha sayansi miaka thelathini, na bado hajaacha. Jumamosi ataona kukonda. Nimeihamisha yote ghalani, mbali na jua na ndovu, nikafunga mlango. Kiumbe hunenepa akipumzika.

Jumatano, 4 Juni
Miche imerefuka sana. Imekuwa ya manjano na imelalia upande mmoja, kuelekea ufa wa mlango. Nilimwita Mwalimu aone urefu. Hakusifu. Alieleza kwamba jani hujipikia chakula lenyewe. Ule ukijani wake hunasa mwanga, na kwa nguvu hiyo jani huchukua maji yaliyopanda kutoka mizizini na hewa ya kaboni inayoingia kwenye vitundu vyake, likatengeneza sukari. Hewa safi tunayovuta sisi ndiyo inayobaki. Bila mwanga, kazi inasimama, mmea unakula akiba yake mpaka iishe.
Nilishukuru. Hewa ya kaboni, kumbe. Jikoni kuna jiko la makaa, na makaa hutoa hewa hiyo bure.

Alhamisi, 5 Juni
Jiko liliwaka ghalani tangu alfajiri, mlango umefungwa. Mimi nilikaa nje. Saa tano nikafungua, joto likanipiga usoni. Majani yananing'inia kama matambara. Mengine yamekauka pembeni.
Mwalimu amekuja kwa sababu ya moshi. Kasema joto la wastani huharakisha kazi ya jani, lakini likizidi jani hufunga vitundu vyake lisipoteze maji, na kazi inakwama. Tena kuongeza hewa ya kaboni gizani hakusaidii, kwa maana kile kilichopungua zaidi ndicho kinachovizuia vingine vyote. Kisha akauliza kama nilitaka kujiua kwa moshi wa makaa. Nikamjibu sikuingia ndani. Akauliza nimekula nini leo. Sikukumbuka.
Ameniletea pure, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Nimekula yote. Chumvi ilizidi.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeitoa miche ghalani na kuihesabu. Iliyo hai ni tisa, na haina rangi. Shanice yuaja kesho. Nimefikiri kwa makini, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema kazi yote hufanywa na ukijani. Tatizo basi ni ukijani kupungua. Geti la kanisa lilipopakwa, mkebe ulibaki na rangi ya kijani ya mafuta.
Nimepaka sita, kila jani, juu na chini, kwa brashi ya kung'arishia viatu. Rangi ikaisha. Kwa mbali, ni shamba la mtu anayejua kazi. Mitatu nimeisogeza nyuma isionekane.

Jumamosi, 7 Juni
Shanice amefika saa nne. Alishika jani, akatazama kidole chake. Kilikuwa kijani.
Nilidhani atafoka. Alikaa chini, palepale mchangani, na viatu vyake vya mjini. Akasema, “Baba, Mama alitunza mbegu hizi miaka kumi na tisa.”
Nikamwambia nilitaka ziwe nzuri kuliko alivyoziacha.
“Najua, Baba.”
Mwalimu Mbinya aliingia bila kubisha, akakaa karibu naye. Walichunguza miche pamoja. Ile ya rangi imekufa: rangi imeziba vitundu na kuzuia mwanga. Ile mitatu ya nyuma bado ina kijani kidogo katikati, pale jani jipya huchomoza. Shanice ameipanda kando ya ukuta wa jikoni, jua linapofika asubuhi na kivuli cha mchana kinapoikinga. Amenishika mkono, akaniapisha: maji asubuhi, na mikono mbali. Nimeapa.

Jumatatu, 9 Juni
Shanice amerudi Voi jana. Miche mitatu imesimama. Mmoja umetoa jani jipya, dogo kama ukucha. Nimekaa kuutazama mpaka macho yakauma. Kathini angefurahi.
Sijaigusa. Nimefikiri tu. Kama mwanga ndio unaopika, kivuli cha mchana ni saa nyingi za njaa. Nimetoa mabati mapya manne yaliyokusudiwa kwa choo, nikayasimamisha kuizunguka, uso unaong'aa ndani. Saa sita jua litapiga kutoka pande zote.
Nimempigia Shanice asiwe na wasiwasi. Nimemwambia sasa naelewa vizuri.