Ngisi wa Posa

Jumamosi, 14 Novemba 1998

Wakwe wamefika. Wametoka Japani mpaka hapa Hounslow kumposa Hayat, binti yangu wa pekee, kwa ajili ya mtoto wao Shinji. Kijana kasilimu mwaka jana na anasali kuliko mimi. Hilo lenyewe linanitia shaka.

Miaka kumi nasukuma matoroli uwanja wa ndege. Wajapani nawajua. Isitoshe, nimesikiliza kanda ya Kijapani ya maktaba mpaka imekatika. Nilijipanga: leo msemaji ni mimi. Si Msabaha, kaka yake mke wangu, ambaye kila harusi ya Wazanzibari mji huu hukaa mbele utadhani yeye ndiye aliyezaa.

Nikainama kwa adabu. Mzee Okabe, baba yake Shinji, akainama. Nikainama zaidi, asinishinde. Akashuka. Nikashuka. Kiuno kikakatalia huko huko! Mke wangu Jokha na Hayat wakanikokota mpaka kwenye kochi. Kuinua kichwa, Msabaha kashakaa kiti changu, kapokea sinia la posa kwa mikono miwili, na wageni wanamwitikia kwa Kijapani chao "hai, hai". Nani kasema wamekufa?

Sinia lenyewe la ajabu. Vifurushi vya karatasi nyeupe, kila kimoja kimefungwa kamba ya dhahabu na fedha. Mafundo kayafunga Mama Okabe kwa mkono wake. Hayat, lugha kafunzwa na Shinji, akafasiri: fundo la ndoa halifunguliwi. Sinia likae juu ya kabati, watakuja kulitazama siku moja kabla ya harusi. Wakikuta fundo limefunguka, basi ndoa nayo... Hakumaliza.

Mama Okabe hajacheka tangu ashuke ndegeni. Kaja kwa kumridhia mwanawe tu, anatafuta sababu ya kurudi naye. Hayat akaninong'oneza kwa Kiingereza chake: baba, nakuomba, usiguse.

Kwetu posa inajulikana. Mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama. Unaona unachopewa. Zawadi gani hii mtu anakatazwa kuifungua? Pana jambo.

Jumapili, 15 Novemba

Nimelichungulia sinia kwa tochi. Ndani ya karatasi moja mna kitu cheupe, kirefu, chembamba. Nywele za bibi kizee! Kwetu ukiletewa nywele za kizee unaita shehe, huziweki juu ya kabati.

Jokha kenda kwa Mardhiya, shoga yake, kwa mambo ya hina. Hayat kazini. Nikachukua mkasi. Kwa usalama wa familia.

Si nywele. Nyuzi za katani! Mtu anapanda ndege kutuletea sisi katani, na Tanga iko pale pale?

Kifurushi cha pili, gogo. Nikaligonga, likalia ko ko. Nikalilamba. Jodari, kakaushwa mpaka akawa mbao. Cha tatu nikakifungua.

Ngisi! Ngisi mkavu, mpana kama kandambili, rangi ya asali. Tangu nitoke kwetu Wete sijamwona wa namna ile. Machozi yakanilenga.

Nilikusudia kumwonja ncha tu, nihakikishe hana sumu. Lakini sumu haijulikani kwa ncha. Nikamroweka, nikamtia tui la kopo, ndimu na pilipili mbuzi. Kaiva tu, hodi! Msabaha. Pua ya mtu yule ingefaa kazi ya forodha. Akakaa bila kukaribishwa, akala nusu nzima, akaramba na mwiko. Akauliza, shemegi, umempata wapi huyu? Nikamwambia Lewisham, sokoni.

Kaondoka anajilamba. Nami nimepumua. Likizuka la kuzuka, aliyekula si mimi peke yangu.

Jumatano, 18 Novemba

Karatasi ya ngisi nimeijaza soksi kwa muda, kamba nimezilaza juu juu. Kwa mbali haijulikani. Ila juzi Hayat alisimama mbele ya sinia akitabasamu peke yake, nami nikatoka kwenda kuangalia mvua.

Leo nimekwenda Lewisham kweli, mbali, asinione mtu wa huku. Nimenunua ngisi mbichi, mkubwa. Jua la kumwanika hakuna. Nimemlaza juu ya hita ya ukutani, chumba cha masanduku, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Jokha kaniuliza kwa nini naufunga. Nikasema mambo ya harusi. Kanitazama kama afisa wa uhamiaji.

Jumamosi, 21 Novemba

Anselm jirani, mtu wa Bukoba, kabisha hodi kwa upole akauliza, mzee Matar, mmefiwa? Jokha kasema ni gesi, kamwita fundi. Fundi kapima kila bomba, kasema gesi salama, katoka kaziba pua.

Ngisi kanywea. Aliyekuwa kandambili sasa sikio la paka. Nikampiga pasi. Akanyooka kidogo, nikamtia karatasini mahali pa soksi. Baadaye Jokha akaipitisha pasi ile ile juu ya baibui lake la harusi. Yamesemwa maneno ambayo sitayaandika.

Bado mafundo. Kitabu cha maktaba kina picha, lakini zote ni kama utumbo. Na kamba zenyewe nilishazikata, fupi. Nikafunga fundo ninalolijua, la kufungia mbuzi. Marehemu baba alinifunza Wete. Hajazaliwa mbuzi wa kulifungua. Nimevifunga vifurushi vyote vitatu hivyo hivyo, visinitofautiane.

Ijumaa, 27 Novemba

Wakwe walikuja alasiri. Msabaha kiti cha mbele, kama kawaida. Safari hii sikugombana naye. Nilikuwa na mpango.

Mama Okabe akaliendea sinia. Akasimama. Akaligusa fundo kwa kidole. Akalivuta. Halikutikisika. Akamwita mumewe, naye akavuta mpaka shingo ikamtoka mishipa. Hayat amepauka, kamshika Shinji mkono. Mama Okabe akauliza neno. Hayat akafasiri: anauliza nani kafunga hili?

Nikaruka: Msabaha! Nikasema nilimwona kwa macho yangu mawili, na hata nyumbani mwangu alikula kitu ambacho sikitaji. Hayat akafasiri kidogo, sijui kiasi gani. Mama Okabe akainyanyua karatasi ya ngisi, akainusa taratibu. Nadhani ilinukia pasi.

Akacheka!

Kacheka mpaka kajifunika mdomo kwa mkono. Akasema mafundo yake yeye yalikuwa mazuri ya kutazama, lakini hili ndilo lisilofunguka. Ndoa iliyofungwa hivi haina pa kukimbilia. Akamwinamia Msabaha. Mzee Okabe naye akamwinamia. Na Msabaha, asiyejua lolote, akaweka mkono kifuani akasema alhamdulillahi, ni ujuzi wa marehemu baba yake! Baba yake aliuza vitambaa Chake Chake! Hajapata kufunga hata mbuzi wa Idi!

Wakamwomba awaonyeshe. Akajibu ujuzi huu hauonyeshwi mbele ya watu. Nikamtazama.

Ila jambo moja. Mama Okabe wakati anacheka hakuwa akimtazama Msabaha. Alikuwa akinitazama mimi. Mwanamke huyu nitamchunguza.

Jumapili, 29 Novemba

Wameoana jana. Nikaha ilisomwa mimi nikiwa walii. Mama Okabe alivaa kimono, na juu yake akajitanda kanga aliyopewa na Jokha. Walicheza pamoja. Msabaha alikaa meza ya mbele, kila mtu akimwuliza habari za fundo. Kufika usiku alikuwa na mafundo ya aina saba, yote ya kuelezwa kwa maneno tu.

Leo wakwe wamerudi kwao. Hayat alipita kuniaga kabla ya fungate. Kaniachia boksi lililofungwa kwa kitambaa cha buluu, mzigo wa Mama Okabe. Kasema ni la yule aliyelifunga lile fundo. Kisha kanikazia macho, kacheka, kanibusu kipaji cha uso. Sikuelewa kilichomchekesha.

La Msabaha, basi! Sifa kachukua, kiti kachukua, sasa na zawadi. Na mimi ndiye nipande basi mpaka kwake kumpelekea!

Nimelitikisa. Jepesi. Limesema kwa kwa kwa. Nimelinusa. Harufu ile naijua.

Haiwezekani mtu akavusha chakula namna hii bila sababu. Labda wana mpango na Msabaha. Ni shemegi yangu, lazima nimlinde. Sitakifungua kitambaa, nitachungulia pembeni tu, na fundo la kukifungia tena ninalo.

Jokha yuko bafuni. Kopo la tui lipo. Huu mkasi kauficha wapi?