Shemasi, Usubi na Dimbwi Langu

Jumamosi, 23 Agosti

Mvua hakuna tangu Julai. Kijito kimebaki kokoto tupu. Ohio nzima imekauka, ila akili yangu. Leo nimechimba dimbwi.

Sababu ni Shemasi. Shemasi ni kulungu dume, na jina nilimpa mwenyewe, kwa kuwa hutembea taratibu, kichwa juu, kama mtu anayepitisha sahani ya sadaka. Nimemfuatilia kwa kamera niliyoifunga mtini tangu pembe zake zikiwa kama vidole viwili. Sasa kabeba kichaka kizima kichwani. Kasoro yake ni moja. Anakunywa maji upande wa pili wa ua, kwenye bwawa la shemeji yangu Garland, kaka wa mke wangu. Na Garland anamwita Bob. Kulungu wa hadhi ile!

Msimu wa kuwinda kwa upinde unafunguliwa mwishoni mwa Septemba. Atakayempata, kichwa kitatundikwa ukutani kwenye duka la chakula cha mifugo, na jina la mwindaji chini yake, mpaka wajukuu walione. Garland tayari ana vichwa viwili ukutani pale. Mimi nina kalenda yao, waliyonipa bure.

Kwa hiyo dimbwi. Kina cha kufika gotini, upana kama wa sebule. Nimevuta bomba kutoka kisimani. Ardhi ikanywa maji, nikaongeza, ikanywa tena. Yamebaki matope meusi mazuri sana. Twyla, mke wangu, kauliza kwa nini maua yake ya dalia yananyauka huku shimo likinyweshwa. Nikamjibu kuwa haya ni mambo ya uhifadhi. Hakuonekana kuridhika.

Jumatatu, 25 Agosti

Amekuja! Kamera imemnasa Shemasi alfajiri, miguu yote minne ndani ya matope yangu. Nimeipeleka picha dukani bila kuchelewa. Garland alikuwepo, ananunua chumvi ya ng'ombe. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema anashukuru kwamba hatimaye nimepata mahali pa kuogea. Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka, ili wasijue nimeumia.

Jumanne, 9 Septemba

Siku mbaya. Nimemkuta kulungu jike ukingoni mwa dimbwi, amekufa, pua ikikaribia maji. Ulimi ulikuwa nje, umevimba, una rangi ya bluu. Mtoto wake, ambaye madoa ya mgongoni bado hayajafutika, alisimama kando ananitazama kana kwamba nitamweleza kitu. Nikakaa chini kwenye nyasi. Nililia kidogo. Twyla asijue.

Baadaye nikapata akili. Sumu! Garland kaona Shemasi anahama, kaamua kunikomoa. Nimempigia afisa wa wanyamapori na kumshtaki shemeji yangu kwa jina, herufi moja moja.

Jumatano, 10 Septemba

Afisa kafika asubuhi. Ni Bi Renata Kolb, mama mfupi mwenye mabuti marefu na subira isiyonipendeza. Kamkagua yule jike, akasema si sumu. Ni kirusi, na anayekibeba ni usubi, kijidudu kidogo hata ukikodoa macho hukioni vizuri. Kinamuuma kulungu, kulungu anashikwa na homa kali, anakimbilia maji ajipoze, anafia papo hapo. Binadamu hadhuriki. Dawa hakuna. Kuchanja kulungu wa porini, nani atawashika? Kasema wanakufa kaunti nzima, hata kwa Garland, ambaye alitoa taarifa wiki iliyopita bila kumshtaki mtu yeyote.

Nikamuuliza nini kitaukomesha ugonjwa huo. Akasema jalidi. Baridi ya kwanza ya kugandisha majani ndiyo inayowaua usubi. Mpaka wakati huo ni kutoa taarifa ya kila mzoga, ili idara ipunguze vibali vya kuwinda na kundi lipate kujijenga upya.

Halafu nikafanya kosa la kuuliza usubi wanazaliwa wapi. Akasema kwenye matope yenye unyevu, hasa pembezoni mwa maji yanayokauka. Akageuka akalitazama dimbwi langu. Akauliza nani kalichimba. Nikasema lipo tangu enzi za babu. Akalitazama beleshi langu lililochomekwa pale pale, kibandiko cha duka bado kiko kwenye mpini.

"Bwana Hatcher," akasema, "mimi ningekuwa usubi, ningehamia hapa na ukoo mzima. Lifukie."

Nikamwambia nitalifikiria. Ukweli ni kwamba nikilifukia, Shemasi atarudi kwa Garland. Na nisipolifukia, huenda akafa. Nimetafakari sana, nikaona suluhisho ni kuiwahisha jalidi.

Jioni tukaenda ibada ya Jumatano. Ulipofika wakati wa kutaja mahitaji ya maombi, nikasimama nikaomba kanisa liombe jalidi. Vichwa vikageuka. Nusu ya watu mle wana soya ambayo bado ni mbichi shambani, nusu nyingine wana nyanya. Mchungaji Lyle akauliza kwa upole kama namaanisha kwa wakati wa Bwana. Nikasema wiki hii ingefaa zaidi.

Garland naye akasimama. Akaomba joto mpaka mwisho wa Oktoba. "Na shemeji yangu Denzil," akaongeza, "mumkumbuke, apewe akili." Amina iliyofuata ilitikisa madirisha. Ya Twyla niliisikia waziwazi. Dalia zake zinangoja maonyesho ya mavuno ya Oktoba.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeshindwa kwa heshima.

Hoja yangu ilikuwa hii: kijidudu kidogo namna ile hakiwezi kushindana na upepo. Nikakusanya feni zote za nyumbani, na zile za ukumbi wa kanisa, ambazo hakuna aliyekuwa akizitumia ibada ilipokwisha. Nikazipanga kuzunguka dimbwi. Kamera inaonyesha Shemasi akija, akizitazama moja baada ya nyingine, kisha akageuka na kuruka ua kwenda kwa Garland. Usubi walihamia kibarazani kwetu. Twyla kaumwa shingoni na hataki kulizungumzia.

Nikabadili mbinu. Moshi. Nikawasha nyasi kavu, nikazifunika na mbichi. Nyasi mbichi zilikuwa chache kuliko nilivyodhani, maana ni ukame. Moto ukashika ua. Likaja gari la zimamoto la kijiji, na aliyeruka wa kwanza, kofia ya chuma kichwani, alikuwa Garland. Nilisahau kwamba hujitolea kule.

Walimwaga maji mpaka tangi likaisha. Dimbwi sasa lina ukubwa wa mara mbili. Garland akasimama kulitazama, matope yanamfika kwenye mashavu ya miguu, akasema usubi wakisikia habari hii watanijengea sanamu.

Jumamosi, 27 Septemba

Msimu umefunguliwa leo. Vibali vimepunguzwa, kila mtu kulungu mmoja tu. Sikutoka na upinde. Shemasi hajaonekana kwenye kamera tangu siku ya moto.

Asubuhi Garland kaja mwenyewe, kofia mkononi. Kakaa kibarazani bila mzaha wowote, jambo lililonitisha. Nikadhani amekuja kunionyesha picha ya ushindi.

"Sijamwona, shemeji," akasema. "Nimezunguka bwawa lote. Bob wetu hayupo."

Wetu! Sikuwa na nguvu ya kubishana. Tukatembea pamoja kufuata kijito hadi barabarani. Tulikuta wengine, majike na dume mdogo, wamelala kwenye vidimbwi vya matope vilivyobaki. Kila tulipoona manyoya ya kahawia, Garland alikuwa akitangulia kwenda kutazama ili nisiwe wa kwanza kuona. Hilo sikulitegemea kwake. Shemasi hatukumkuta popote.

Tukapeana mikono pale barabarani. Akiwa hai, mwaka huu hakuna atakayemgusa. Nilimaanisha kila neno. Nikarudi nyumbani nikala bakuli zima la maharage bila kuonja.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jalidi! Nimeamka, shamba lote jeupe, majani yanavunjika chini ya buti. Nimecheza nikiwa na nguo za kulalia mbele ya sanduku la barua.

Dalia za Twyla zimekuwa nyeusi. Maonyesho ni kesho. Anasema mimi ndiye niliyeiombea baridi hii, na kwa sasa anaongea nami kwa kupitia Garland.

Lakini sikiliza. Garland amepita asubuhi hii hii, akanionyesha picha kwenye simu. Shemasi! Amekonda, mbavu zinahesabika, kwato zimepasuka kama ardhi ya Agosti. Lakini amesimama, kichwa juu, anakunywa maji. Garland macho yalimlowa, akasema ni baridi. Nilimkumbatia, mara ya kwanza tangu harusi yangu.

Mchana kaja Bi Renata. Akaitazama picha, akasema kwato zile ni za kulungu aliyeugua akapona, na kwamba mwili wake sasa umeshaujua ugonjwa huo. Akafurahi waziwazi. Akasema waliopona kama huyo ndio watakaoliinua kundi. Nilipomweleza kwamba basi dimbwi langu ndilo lililomchanja, aliacha kufurahi. Akasema lifukiwe leo, yeye akishuhudia.

Nimelifukia. Yeye kasimama pale mpaka beleshi la mwisho, akanipa mkono, akaniita raia mwema. Garland alikuwa shahidi. Mambo yamekwisha kwa amani, kundi litapona, Shemasi yu hai, na mimi na shemeji yangu ni ndugu.

Udongo wa kufukia nimeutoa nyuma ya ghala, kwenye kona ile isiyoonekana kutoka kwa Garland. Ulihitajika mwingi kuliko nilivyofikiri. Shimo lililobaki kule ni pana ajabu, na chini limeanza kutoa maji lenyewe, bila hata bomba. Shemasi atalipenda.