Jenerali na Tope la Bondeni

Jumatatu, 9 Mei
Mvua tena. Raha iliyoje! Njia ya bondeni imekuwa uji. Jenerali, lori langu lililostaafu jeshini, yuko tayari kuwavuta wanaokwama. Tatizo moja tu: hakuna anayekwama. Mke wangu kasema Jenerali ameziba dirisha la jikoni vya kutosha. Asipomkwamua mtu hata mmoja kufikia Jumamosi, anakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ameshampigia simu! Tena ananifundisha kwamba kwenye tope matairi hupunguzwa upepo. Babake aliendesha malori, basi na yeye fundi! Nimeyajaza hadi yanalia ukiyagonga.

Jumatano, 11 Mei
Akili ni nywele. Nimembembeleza shemeji, mdogo wake mke wangu, akwame makusudi na kigari chake. Kaingia topeni, katokea ng'ambo. Nikamwambia arudie, polepole. Katoka tena! Mara ya tatu alikuwa anapiga mluzi. Mtu gani huyu, hata kukwama hajui?

Ijumaa, 13 Mei
Nimekwenda kumwonyesha shemeji mahali penyewe panapokwamisha. Panakwamisha kweli. Jenerali kazama hadi ekseli. Nikafunga waya wa winchi, mashine yake ya kuvutia, kwenye mti, nikavuta. Mti ndio uliokuja. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Nyumbani nimesema Jenerali yuko kazini.

Jumamosi, 14 Mei
Mnunuzi wa vyuma chakavu kafika asubuhi. Mke wangu akamleta bondeni, tulikokuwa mimi na shemeji. Roho mkononi! Jenerali wangu, akakatwe vipande? Jamaa akasogeza lori lake karibu, likazama nyuma yetu. Nusura nimkumbatie. Mteja! Nikamfunga mnyororo, nikapanda, nikapiga honi yangu mpya. Matairi yakazunguka, tope likamvaa shemeji usoni. Hatukwenda popote.

Mke wangu akavua viatu. Akakunja gauni, akaingia topeni, akatoa upepo tairi moja moja hadi yote yakabonyea. Nikamwacha. Akikunja uso vile sishindani naye. Nikapiga honi tena, ndefu. Jenerali akatambaa, akatoka, na lori la watu nyuma! Nililia, sioni haya. Mke wangu, tope hadi masikioni, alicheka akasema haya, abaki.

Jumapili, 15 Mei
Nimeamka na furaha. Nimetafakari sana kilichotuokoa jana. Ni honi. Mara ya kwanza niliipiga fupi mno. Mnunuzi wa vyuma, sasa rafiki yangu, kaniletea honi ya meli. Nimeifunga, nikajaza upepo wote uliopotea na kuongeza kidogo, maana matairi yaliyobonyea yanatia aibu. Jioni nikashuka kinamasini kuijaribu, mke wangu asijue.

Naandika haya nikiwa ndani ya Jenerali. Mlango haufunguki kwa tope. Lakini honi! Inalia vizuri ajabu. Namwona mke wangu kule mlimani, anashuka na shemeji, kashika koleo. Wamekuja kuisikiliza.